Amani Iliyoachwa Olasiti



Masomo ya Misa za Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A, Mwaka B na Mwaka C. Injili uliyoisikia Dominika fulani itarudi baada ya miaka mitatu, wewe ukiwa umebadilika na yenyewe ikiwa ileile. Ndiyo maana Mkristo aliyezoea Misa huweza kukumbuka alikuwa amesimama wapi aliposomewa Injili fulani, kama vile mtu anavyokumbuka alikuwa wapi alipopata habari ya msiba.

Kwangu mimi Injili hiyo ni ya Dominika ya Sita ya Pasaka, Mwaka C. Inatoka sura ya 14 ya Yohane. Yesu yuko mezani na wanafunzi wake, usiku wa mwisho kabla ya mateso, naye anawaambia kwamba anawaachia amani yake, tena si kwa namna ambayo ulimwengu hutoa. Anawataka wasifadhaike wala wasiogope.

Mwaka 2013 Dominika hiyo iliangukia tarehe 5 Mei. Mkatoliki yeyote wa Arusha mwenye umri wa kukumbuka anajua yaliyotokea siku hiyo kwenye Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti.

Nimezaliwa Elerai, upande wa magharibi wa Jiji la Arusha. Olasiti ni majirani zetu. Mama alikuwa na kishamba cha mahindi na maharage upande ule, na kwa sababu ya kishamba hicho akazoea kusali huko. Nami nilimfuata. Wakati huo Olasiti haijawa parokia. Ilikuwa bado ni mahali pa mashamba, nyumba chache, na Wakristo wenye kiu ya kuwa na kanisa lao. Kila jumuiya ilipangiwa mchango wake: huyu mifuko ya saruji, yule lori la mchanga. Asiye na fedha alileta mikono yake.

Mimi nilileta mikono. Nilikuwa na miaka 15, na baba alikuwa amefariki miezi michache kabla. Nyumbani palikuwa pamejaa ukimya ambao sikujua nikae nao vipi. Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda Olasiti, nikapewa toroli, nikasomba mawe na mchanga mpaka mgongo uite. Akina mama wa WAWATA walijipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Wanaume walikoroga zege. Watoto walibeba tofali mojamoja, wakijivuna kana kwamba jengo zima limewaegemea. Saa saba mchana tulikula makande kutoka kwenye sufuria moja kubwa, na hakuna aliyeniuliza habari za baba wala kunionea huruma. Walinipa kazi tu. Wakati ule sikuhitaji kingine.

Jioni, watu wakishaondoka, nilipenda kubaki kidogo ndani ya kuta ambazo hazikuwa na paa. Dirisha moja lisilo na fremu lilielekea kaskazini, na Mlima Meru ulijaa ndani yake kama picha. Nilikaa juu ya tofali nikautazama. Sikuwa na maneno ya sala. Lakini ni hapo, katikati ya harufu ya saruji mbichi, nilipohisi kwa mara ya kwanza baada ya mazishi kwamba kifua changu kimelegea. Nilijua, bila mtu kuniambia, kwamba baba yangu yuko mikononi mwa Mungu na mimi pia. Kama mtu angeniuliza tangu siku hiyo amani inakaa wapi, ningemwonyesha njia ya kwenda Olasiti.

Miaka ikapita, nikaenda kusoma Morogoro. Mwezi Aprili 2013 mama alinipigia simu akiwa na furaha ya msichana. Olasiti inazinduliwa kuwa parokia! Atakuja Balozi wa Baba Mtakatifu, Askofu Mkuu Francisco Padilla, pamoja na Askofu Mkuu wetu Josaphat Lebulu. Akina mama walikuwa wamechagua kitenge cha sare, na vipande kadhaa vilipelekwa kwa jirani yetu, mzee fundi cherehani, Mwislamu ambaye tangu nikiwa mdogo ndiye aliyeshona sare zangu za shule. Mama alisema mzee amekesha ili amalize kwa wakati, na kwamba ile ya mama ameishona kwanza.

Jumapili hiyo, watu wakiwa wamekusanyika kwa ajili ya uzinduzi, bomu lilirushwa katikati yao. Watu watatu walipoteza maisha na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Maaskofu walisalimika. Taifa zima lilishtuka, na viongozi wa dini zote walilaani kitendo kile. Kabla vidonda havijapona, tarehe 15 Juni, siku 41 baadaye, bomu jingine lililipuka kwenye mkutano wa kampeni za udiwani katika viwanja vya Soweto, hapohapo Arusha, na watu wengine wakafa. Jiji letu ambalo watalii hulipita wakienda kuona wanyama lilianza kutazamana kwa wasiwasi.

Mimi nilipata habari kwa ujumbe wa simu nikitoka Misa Morogoro, masikioni nikiwa bado na Injili ya amani. Nilimpigia mama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alipatikana jioni. Hakuwa na jeraha. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyepiga kelele mchana kutwa. Alisema, "Niko nyumbani, mwanangu. Wengine hawajarudi." Kisha akakata simu kwa sababu watu walikuwa wanakusanyika kusali Rozari.

Kesho yake asubuhi, aliniambia baadaye, mtu wa kwanza kubisha hodi nyumbani kwetu alikuwa yule mzee fundi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hawakuzungumza mengi. Alikwenda kuswali, kisha akarudi akakaa tena.

Mama alirudi kusali Olasiti. Mimi sikurudi. Nilimaliza chuo, nikaajiriwa kufundisha Dodoma, nikaoa, nikapata watoto. Nilipokuja Elerai likizo nilisali Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa mjini, nikikaa karibu na mlango. Hata Dodoma nilijizoesha kukaa mahali ninapoona njia ya kutokea. Sikukuu zenye umati nilizikwepa, na watoto wangu niliwapeleka Misa ya kwanza ya alfajiri, yenye watu wachache. Mwaka 2016 Dominika ya Sita ya Pasaka iliangukia tarehe 1 Mei, siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwenyewe. Injili ilipoanza nilitoka nje, nikasimama chini ya mti hadi mahubiri yalipokwisha. Mwaka 2019 na 2022 nilikaa ndani, lakini moyo ulikuwa nje.

Hofu haikuwa yote. Chini yake kulikuwa na kitu kizito zaidi. Mahali pale palikuwa pamenipa amani nikiwa mtoto wa miaka 15, na sasa niliona kama nimenyang'anywa baba mara ya pili. Niliwaza: kama amani ya Mungu ilikuwa inakaa pale, siku ile ilikuwa wapi?

Mama hakunilazimisha. Alisema tu kila mwaka, kwa maneno yaleyale, "Hofu ni mgeni, mwanangu. Siku ya tatu mpe jembe." Nilikuwa nacheka, kwa sababu sikujua mtu anaipaje hofu jembe.

Mwezi Mei 2025 nilikuja nyumbani kwa wiki mbili kumwangalia mama, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Ulikuwa mwaka wa Jubilei. Tarehe 8 Mei Papa Leo XIV alichaguliwa, na salamu yake ya kwanza kwa ulimwengu, akiwa kibarazani pa Basilika la Mtakatifu Petro, ilikuwa ya amani. Tulimtazama kwenye runinga jioni ile, kila mmoja wetu kwenye nyumba yake, mimi Dodoma, mama Elerai. Nilipofika, jambo la kwanza mama aliloniambia lilikuwa, "Umemsikia Baba Mtakatifu? Ameanza na ileile." Kisha akanionyesha kalenda. Tarehe 25 Mei, Dominika ya Sita ya Pasaka. Mwaka C.

Akafungua sanduku, akatoa kile kitenge. Alikuwa amekifua na kukikunja miaka 12 iliyopita, na hakuwa amekivaa tena. Sasa kilikuwa kikubwa kwake. Alinituma nikipeleke kwa mzee fundi akipunguze.

Mzee bado anashona, ingawa uzi humtungia mjukuu. "Shikamoo, mzee," nikamwamkia. "Marahaba, mwalimu wangu." Alikipokea kitenge, akakigeuza ndani nje, akaitambua mishono yake mwenyewe kabla sijasema neno. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya nguo. Halafu akasema, "Niliishona kwa ajili ya sherehe. Sherehe yenyewe haikuisha. Nendeni mkaimalize." Hakutaka malipo.

Jumapili tulipanda bajaji. Masika ilikuwa bado haijaondoka na udongo mweusi ulishika magurudumu. Njia niliyoijua kwa miguu sikuitambua. Mahali palipokuwa na mahindi pana nyumba, maduka ya vifaa vya ujenzi na vituo vya bodaboda. Kata jirani ya Olmoti walikuwa wanajenga uwanja mkubwa wa mpira kwa ajili ya AFCON 2027, na malori ya kokoto yalikuwa yanapita usiku na mchana. Mama alinionyesha kilipokuwa kishamba chetu. Sasa pana ghorofa la watu wengine. Kitu pekee ambacho hakikuhama ni mlima.

Nami niliutazama mlima huo kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa natafuta kitu cha kutazama badala ya kule tunakokwenda. Meru una urefu wa mita 4,566. Ukiwa upande wetu, Elerai na Olasiti, unauona umekamilika, pembetatu safi kama alivyoichora mtoto. Lakini niliwahi kuwapeleka wanafunzi Momella, upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Arusha, na huko mlima ni mwingine kabisa: ubavu wote umeporomoka zamani za kale, na kreta iko wazi kama kidonda. Mara ya mwisho ulitoa moto mwaka 1910. Ni mlima uleule. Maji ya vijito tunavyokunywa hutoka kwenye mwili huo uliopasuka, na migomba na kahawa hustawi kwenye majivu yake. Wakati bajaji ikiyumba kwenye matope nilimkumbuka Bwana mfufuka, jinsi alivyowatokea mitume waliojifungia ndani kwa hofu, akawapa amani, na papo hapo akawaonyesha mikono na ubavu. Hakuyaficha makovu ili wapate kutulia.

Tulifika mapema. Nilitafuta kiti cha karibu na mlango. Mama akapita mbele, na kwa kuwa namshika mkono ilinibidi nipite naye. Mawe niliyoyasomba sikuyaona, maana mawe ya msingi hayaonekani. Dirisha langu la kaskazini pia sikuweza kulitambua. Watoto wasiojua lolote kuhusu mwaka 2013 walikuwa wanagombea nafasi ya kukaa karibu na kwaya.

Injili ikasomwa. Niliisikiliza nikiwa nimesimama, nikiwa ndani. Na hapo ndipo neno moja lilipojitenga na mengine: kuacha. Yesu anawaachia. Kwa Kiswahili chetu, kumwachia mtu kitu si sawa na kumpa tu. Unamwachia jirani ufunguo kwa sababu unaondoka na kuna jambo linakuja. Baba anawaachia watoto shamba. Kinachoachwa kinawekwa kabla ya shida, kwa ajili ya shida. Bwana alisema maneno yale usiku ambao Yuda alikuwa ameshatoka kwenda kumsaliti. Alijua kesho ina nini. Hakusubiri msalaba upite ndipo atoe amani. Aliiweka mezani kwanza, ndipo akaenda.

Nikaelewa kwamba tarehe 5 Mei 2013 Kanisa zima, kuanzia Roma hadi kigango cha mwisho, lilikuwa limewekewa Injili hiyohiyo. Amani ilikuwa imeshaachwa kabla ya bomu kurushwa. Swali langu la miaka 12, kwamba siku ile ilikuwa wapi, lilipata jibu ambalo sikulitarajia. Ilikuwa palepale. Ilikuwa kwa wale waliobeba majeruhi mikononi, kwa akina mama waliosali Rozari jioni ileile, kwa Mwislamu aliyekaa kwenye kigoda mlangoni mwetu. Ilikuwa kwa mama, aliyerudi kusali.

Msidhani kwamba baada ya hapo nilielea hewani. Wakati wa matoleo, kiti cha plastiki kilianguka nyuma yetu kwa kishindo. Mwili wangu wote uliruka. Jasho likanitoka, na macho yakaanza kutafuta mlango. Mzee mmoja aliyekaa kulia kwangu, ambaye simfahamu, aliweka mkono wake begani pangu. "Ni kiti tu, baba," akaninong'oneza. Baada ya kitambo akaongeza, "Hata mimi hustuka. Kila mara. Lakini nakuja."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko hotuba ndefu. Nilikuwa nasubiri siku ambayo sitastuka tena ndipo nirudi. Kumbe waliorudi walirudi wakistuka. Hiyo ndiyo kuipa hofu jembe: unakwenda nayo shambani, inafanya kazi pamoja nawe, haikai sebuleni ikingoja kuhudumiwa.

Tulipoalikwa kutakiana amani nilimgeukia mzee yule. Mkono wake ulikuwa mgumu, wa mtu aliyelima au kujenga maisha yake yote. Tukashikana bila haraka. Kisha nikamgeukia mama. Alikuwa amesimama ndani ya kitenge kilichopunguzwa, akilia na kutabasamu kwa pamoja. "Amani ya Kristo, mwanangu." Nilimjibu, na kifua changu kililegea kwa namna niliyoifahamu tangu nikiwa na miaka 15, juu ya rundo la tofali. Tofauti ni kwamba wakati ule nilikuwa peke yangu, na sasa kanisa lilikuwa limejaa.

Baada ya Misa tulisali kwa ajili ya marehemu wote wa siku ile na kwa ajili ya familia zao. Nikawaombea pia waliotenda lile jambo, wawe nani na wawe wapi. Sala hiyo ilikuwa fupi na ngumu, wala sitawadanganya kwamba ilinitoka kwa urahisi. Lakini ilitoka.

Nimeandika haya kwa sababu gazeti hili linasomwa na waseminari. Ndugu zangu, siku moja mtatumwa kwenye parokia ambazo hamkuzijenga. Baadhi zitakuwa na makovu: ajali, mgogoro, moto, msiba ambao watu hawautaji tena hadharani. Ulizeni kwa upole kilichotokea kabla yenu. Angalieni nani hukaa karibu na mlango, na msimhukumu kwa kukaa huko. Mtu kama huyo pengine hahitaji kuambiwa asiogope. Anahitaji mtu wa kukaa naye kiti cha pili.

Nanyi waamini wenzangu, kama kuna mahali palipokulea kiroho na sasa huwezi kupakaribia, usijilazimishe kwa siku moja, wala usipafunge moja kwa moja. Tafuta wa kukushika mkono. Mimi nilipata wawili na nusu: mama, mzee wa kiti cha kulia, na fundi ambaye hakuingia kanisani lakini alitutuma.

Jioni ile nilipitia kwake kumpa taarifa. Alikuwa anafunga cherehani. "Imeisha?" akaniuliza. Nikamwambia, "Imeisha vizuri, mzee." Akaitikia, "Alhamdulillahi." Likizo ijayo nitawaleta watoto wangu Olasiti, nao watapita kwanza kwake wapimwe nguo.